Siku ya Safari Si ya Mke

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kaondoka. Kwa ndege tena! Tangu Mei hajagusa basi. Katoka saa kumi na moja alfajiri anaburuta begi lake la magurudumu, krrr krrr krrr, mtaa mzima wa Nkuhungu umesikia kwamba Nurdini anakwenda Mwanza kwa mke mdogo.

Begi la magurudumu. Miaka kumi na minane niko na huyu mwanaume, nguo zake zilikuwa zinasafiri kwenye kiroba. Mimi mwenyewe alinitoa Kondoa kunileta Dodoma juu ya Fuso, nimekaa kwenye magunia ya alizeti, bibi harusi mzima na hina yangu mikononi, barabara wakati huo vumbi tupu. Nilifika kope nyekundu. Sikulalamika. Leo Yule wa Mwanza anaendewa na ndege!

Jina lake silitaji humu. Daftari langu, kalamu yangu. (Daftari kwa kweli ni la binti yangu Naima, la kidato cha kwanza, kurasa za nyuma zilikuwa hazijaandikwa.) Sina wa kumwambia haya. Nikimwambia dada yangu wa Kondoa, kesho soko zima lina habari.

Nimekaa kwenye cherehani tangu asubuhi, nimevunja sindano mbili.

Jumanne, 5 Agosti

Naima kaacha atlasi mezani. Nikachukua futi yangu ya kushonea, nikapima. Dodoma mpaka Mwanza, mstari ulionyooka: sentimita kumi na vijimstari vitatu. Basi! Mfuko wa shati la shule ni mrefu kuliko hapo.

Naima aliporudi shule nikamuuliza, kama mtu asiye na lake jambo, sentimita moja kwenye ramani ni kilomita ngapi. Hamsini. Akapiga hesabu: mia tano na kumi na tano. Basi linakwenda mia saba, kwa sababu linazunguka Singida, Nzega, Shinyanga, lipakie, lishushe, watu wale. Ndege haizunguki kokote. Saa moja na dakika kumi.

Nikibandika maharage yeye anapopanda, anashuka kwa mwenzangu hayajaiva.

Zamani nilikuwa najua yuko wapi. Saa tano, Singida, anakula kuku. Saa nane, Nzega, kachoka. Jioni, Shinyanga, mgongo unamuuma — na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa napata raha kidogo kwamba anamfikia yule mgongo unamuuma. Sasa anamfikia akiwa mbichi, shati halina hata kunyanzi. Shati nililopiga pasi mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Kapiga simu. Kaniuliza hali, kamuulizia Naima, kauliza kama umeme wa luku umeisha. Nyuma yake sahani zinagongana, halafu maji yanamwagika. Nikamuuliza nani anaosha vyombo mbona uko karibu hivyo. Akasema mtandao unasumbua.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Kila mwaka alikuwa anatupeleka maonyesho ya wakulima Nzuguni, tunaona ng'ombe wakubwa, tunakula mishikaki. Mwaka huu Nane Nane imeangukia zamu ya yule. Nimeshona mpaka mgongo ukalia. Naima kaenda na wenzake, kaniletea kalenda ya bure yenye picha ya mbuzi.

Nimezungushia Jumatatu ya tarehe 18. Zamu yangu.

Jumatatu, 18 Agosti

Leo nilipiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga tangu Mei: ndege ya Mwanza inaondoka saa mbili asubuhi. Amesema mwenyewe, mara nyingi, "ndege ya asubuhi." Basi, saa mbili na saa moja na dakika kumi, saa tatu na kitu yuko uwanja wa ndege, na uwanja wenyewe uko mjini hapahapa. Saa nne mlangoni.

Nikachinja kuku. Nikavaa lile gauni la bluu. Wateja wawili nikawaambia waje kesho.

Saa nne hakuna. Saa sita hakuna. Saa nane kuku kapoa. Simu yake haipatikani. Nikasema labda ndege imeanguka, nikafungua redio, redio inapiga taarabu.

Kaingia na adhana ya magharibi. Kama zamani, kama enzi za basi, dakika ileile! Akasema, "Ndege imechelewa, mama Naima. Hawa watu wa ndege si wa kuaminika."

Nikampa pole. Nikampashia kuku. Akala vizuri, akasifu.

Ila huyu mtu hakunukia safari. Nimemfulia miaka kumi na minane, nazijua harufu zake zote. Alinukia sabuni ya kipande. Na nywele zake kwenye kisogo mbichi, kama katoka kuoga sasa hivi.

Jumanne, 19 Agosti

Nimefunga duka mapema niandike haya.

Alikuja Witness, yule binti Mgogo wa Mvumi anayefanya kazi ya ukaguzi pale uwanja wa ndege. Kaleta suruali zake mbili za kazini nizipunguze kiuno. Nikamtania: eti jana ndege yenu ya Mwanza ilitaga njiani? Akanishangaa. Akasema jana ilitua saa tatu na robo, yeye mwenyewe alikuwa zamu, wala mwezi huu haijachelewa hata mara moja. Nikamuuliza tena, labda kachanganya siku. Akasema, "Mama, hata abiria nawakumbuka. Mume wako alinisalimia."

Saa tatu na robo. Magharibi ni saa kumi na mbili na nusu.

Masaa tisa na robo.

Kutoka Mwanza mpaka hapa anatumia saa moja na dakika kumi. Kutoka uwanja wa ndege mpaka Nkuhungu, mahali ambapo bajaji inafika ukiwa bado unatafuta chenji, anatumia masaa tisa! Na anafika kaoga.

Nimepunguza kiuno cha suruali ya Witness mara mbili, itambana.

Alhamisi, 21 Agosti

Sijamuuliza. Nikimuuliza atanipa jibu, na jibu lake nitalazimika kuliishi. Njia ya mwongo ni fupi, nitamsubiri mwisho wake.

Ila nimepekua begi, sikatai. Alikuwa msikitini. Shati, shati, kofia, dawa ya mswaki, dagaa zangu za Mwanza bado zimefungwa vizuri. Kwenye mfuko wa pembeni: ufunguo. Mdogo, wa kufuli. Hapa nyumbani hatuna kufuli la namna hiyo, na la ghalani naujua ufunguo wake.

Na kilichoniua si ufunguo. Umefungwa kikamba cha kitambaa, ukingo wa bluu wa yunifomu, ule ninaoukata na kuutupa chini ya cherehani. Kaokota kwenye sakafu yangu! Amefungia ufunguo wa nyumba ya mwanamke mwingine kwa kitambaa cha jasho langu!

Wa tatu. Yuko hapahapa Dodoma. Pengine ananunua nyanya soko moja na mimi, pengine nimemshonea.

Nimeurudisha kama ulivyokuwa.

Ijumaa, 22 Agosti

Baba mdogo wake Nurdini, Mzee Mbwana, kashuka kutoka Kondoa, kaja kwa daktari wa macho. Nikaona nafasi ndiyo hii. Yeye ndiye alitusuluhisha mwaka ule Nurdini alipooa wa pili, nyumbani kwake, imamu akiwepo, na karatasi anayo mpaka leo.

Nilimkaribisha, nikampa shikamoo yangu na uji wa ulezi, nikaanza kwa mbali. Nikasema baba, yale makubaliano yaliandikwa enzi za basi. Sasa watu wanaruka. Siku ya safari imekuwa saa moja na dakika kumi, masaa yaliyobaki ni ya nani?

Mzee akacheka mpaka akatoa miwani. Akaniuliza nimesahau nani alikitia kile kipengele cha siku ya safari.

Sijasahau. Ni mimi. Mwaka ule nilikuwa nimevimba kwa hasira, na niliona wazi kwamba bi mdogo atataka zamu yake ianze kuhesabiwa baada ya safari, kusudi asipungukiwe. Nikasimama mbele ya wanaume nikasema: iandikwe, siku ya safari, kuanzia alfajiri mpaka magharibi, si ya mke. Si yangu, si yake. Isidaiwe, isilipwe, asiulizwe. Hata "asiulizwe" nililisema mimi! Nilitaka tu yule asije akamdai siku ya njiani, siku ambayo mtu yuko ndani ya basi anakula vumbi. Nilijiona nina akili kama hakimu.

Mzee Mbwana akasema, "Mwanangu, ulimkata mwenzio mkono, kumbe na wako ulikuwa palepale." Kisha akaomba uji mwingine.

Yaani kisheria siwezi kumuuliza. Nimeweka sahihi.

Jumatatu, 1 Septemba

Kaenda. Saa kumi na moja alfajiri, kama kawaida, krrr krrr krrr.

Nilimuuliza ndege inaondoka saa ngapi. Hilo si kuuliza siku, ni kuuliza ndege. Akasema inategemea. Nikasema mbona mapema. Akasema pale uwanjani wanakagua sana.

Witness kaniambia tangu juzi: kwenda Mwanza ni saa tisa na nusu alasiri. Masaa kumi na nusu ya kukagua begi moja! Hata angekuwa amebeba tembo.

Nilikuwa nimepanga kumfuata. Viatu nilikuwa nimeviweka mlangoni tangu jana. Pikipiki ilipomchukua nilisimama na kanga yangu nikaangalia taa nyekundu mpaka ikakata kona. Viatu nikavirudisha ndani. Naandika ukweli: niliogopa. Nikimwona huyo mwanamke, nitakuwa mke wa kwanza kati ya watatu, na mimi kuwa wa kwanza kati ya wawili bado sijazoea.

Jumanne, 2 Septemba

Mchana namba ngeni. Nikadhani mteja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Sabrina. Wa Mwanza."

Haya, nimeliandika. Sabrina. Miaka mitatu hatujawahi kusemeshana, si kwa heri si kwa shari. Na ile marahaba ilikuwa imeshatoka, siwezi kuirudisha. Namba yangu kapewa na Mzee Mbwana. Mume kaenda sokoni Kirumba kuuza asali, ndiyo kapata nafasi.

Sauti yake nyembamba, na ana adabu, ndiyo mbaya zaidi. Akasema hakupiga kwa ugomvi. Kakaa, kahesabu. Akasema hivi, nayakumbuka neno kwa neno:

"Dada, mume wetu akitoka kwangu saa mbili asubuhi, saa tatu na dakika kumi yuko kwako. Akija kwangu, anatoka kwako mchana. Mimi napata usiku kumi na nne. Wewe unapata kumi na nne, na michana miwili juu. Tuliandikiana siku ya safari si ya mke. Kwa nini wewe unaila?"

Mume wetu! Lilinichoma hilo kuliko yote. Nikataka kumjibu la kumjibu. Halafu nikasikia alichosema.

Kumbe mwenzangu ananionea wivu mimi! Miaka yote hii namwona yeye ndiye aliyeshika mpini, kumbe kule kajifungia na hesabu zake, anapima masaa yangu kama mimi ninavyopima yake. Kwa nusu dakika nilifurahi, wallahi. Nilitaka kumwachia aamini hivyo. Lakini neno likanitoka.

"Kwangu anafika magharibi. Na jana katoka alfajiri."

Nikasikia kuku wake wanalia.

"Huku kaingia saa kumi na moja jioni," akasema. "Kaoga."

"Hata kwangu anafika kaoga."

Akasema polepole, "Basi tuna mwenzetu."

Alhamisi, 4 Septemba

Tunaandikiana meseji sasa, mimi na Sabrina. Nani angeamini! Tumekubaliana: tarehe 15 akiruka kutoka kwake, yeye ananijulisha, akitua hapa, namfuata, nikijua, nampigia. Naye kasema akimjua huyo wa tatu, atapanda ndege aje, tumkabili pamoja. Anaandika "dada yangu" kila mstari.

Lakini nakereka. Leo kaniandikia kwa wema tu, eti nisiwe na wasiwasi, Nurdini ana moyo mzuri, hata vyombo anamsaidia kuosha.

Vyombo. Hapa hajui hata sufuria zinakaa wapi! Nimekaa na simu mkononi nikaangalia lile neno "vyombo" mpaka chaji ikaisha.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimemjibu kwamba kwangu huwa ananisomea Kurani alfajiri kwa sauti. Ni kweli. Mara moja, Ramadhani ya mwaka juzi.

Hajajibu.

Jumatano, 10 Septemba

Upepo mtupu, vumbi limeingia mpaka kwenye vitambaa vyeupe. Kila mwanamke anayeingia hapa dukani namwangalia kisogo, mikono, kama ana sabuni ya kipande. Kaja mmoja wa mtaa wa Kisasa, mzuri, kaniomba nimshonee gauni la "kumpokea mtu wa safari." Nikamuuliza mtu huyo anakuja lini. Akasema Jumatatu. Nikamwambia kitambaa chake hakitoshi, hata kabla sijakipima. Baadaye Naima kaniambia yule ni mwalimu wao wa hesabu, na mume wake yuko Kongwa.

Nimekuwa mwehu. Wivu ni kidonda, walisema, nami nakikuna.

Jumapili, 14 Septemba

Kesho.

Unavaa nini kwenda kumfumania mke mwenza wa tatu? Ukivaa vibaya atasema ndiyo maana. Ukivaa vizuri atajua umejipamba kwa ajili yake. Nimejishonea gauni jipya la kitenge cha kahawia, kola ndogo, mikono mirefu. Mshono umenyooka, hata mimi nimeukubali. Angalau kwenye gauni hatanipata.

Nimemwambia Hamza, jirani yetu wa bajaji, kwamba nakwenda kupokea mzigo wa vitambaa uwanja wa ndege. Akauliza vitambaa vinakuja kwa ndege siku hizi? Nikamwambia afunge mdomo ajaze mafuta.

Jumatatu, 15 Septemba

Naandika ndani ya bajaji. Kalamu ya Hamza, mwenyewe kaenda kutafuta chai. Saa saba kasorobo mchana, jua kali. Naandika kwa sababu nisipoandika nitagonga ule mlango.

Nianze mwanzo.

Saa mbili na dakika tano Sabrina kaandika: "Imeruka." Nilikuwa tayari nje ya uwanja, upande wa pili wa barabara. Saa tatu na dakika kumi na mbili ndege ikapita juu yetu, chini kabisa, nikaona hadi magurudumu. Kilomita mia tano na kumi na tano. Nilikuwa nimekula andazi moja tu tangu iruke.

Akatoka. Peke yake. Anaburuta begi. Hakutazama kushoto wala kulia kama mwizi anavyotazama, alitembea tu kama mtu anayekwenda kwake. Akapanda bodaboda. Nikamwambia Hamza, "Mfuate yule." Hamza kamwangalia, kamtambua, kaniangalia mimi, akawasha bajaji.

Tukaenda mpaka Chadulu. Njiani akashuka gengeni, akanunua machungwa. Nikasema haya, machungwa ya huyo bibi. Bodaboda ikaingia uchochoro, ikamwacha kwenye nyumba ya vyumba vingi, ua wa michongoma. Akatoa ufunguo. Ule. Akafungua kufuli chumba cha mwisho, akaingia, akarudishia mlango.

Kufuli kwa nje. Sikulitilia maanani wakati ule. Mwanamke aliyemo ndani hafungiwi kwa nje.

Nikasubiri. Robo saa. Nusu saa. Nikajisemea anafika, huyo mwanamke anatoka kazini, anafika. Akatoka Nurdini, kavaa msuli, akachota maji bombani, akafua shati lake kwa sabuni ya kipande. Mwenyewe! Akalianika. Akaoga. Akarudi ndani. Hakuna aliyekuja.

Saa nne na nusu uvumilivu ukanishinda, nikaingia uani. Kuna mama mmoja mwenye nyumba, Paulina, alikuwa anaanika mlenda juu ya kipande cha bati. Tukasalimiana. Nikamwambia natafuta chumba. Akasema vimejaa, labda kile cha mwisho, maana mpangaji wake hakai, anakuja siku mbili kwa mwezi, ila kodi analipa na hana neno.

Nikamuuliza, siku hizo mbili anakuja na nani.

Akasema, "Hata paka hajawahi kuleta. Anafua, analala, anasikiliza redio. Siku moja nilimkaribisha ugali. Akaniambia, asante mama, mimi niko safarini, sijafika."

Nikamwomba nikae kivulini kidogo. Akasema kaa tu, akaingia kwake kukoroga ugali.

Kivuli chenyewe kiko chini ya dirisha la kile chumba. Nilikichagua, sikatai.

Dirishani kuna pazia la bluu. Vipande vya yunifomu, vya sakafuni kwangu, vimeunganishwa vinne. Kwa mkono. Ule mshono — ningecheka ungekuwa wa mtu mwingine. Unakwenda upogo, unarudi, uzi mweupe kwenye kitambaa cha bluu, kajidunga humo si mara moja. Mume wa fundi cherehani! Angeniambia nimshonee pazia, ningelimaliza akiwa bado anafunga viatu. Hakutaka nijue.

Mshono ukiwa mbovu unaachia nafasi. Nikachungulia.

Godoro moja chini. Mto mmoja. Kikombe kimoja. Kiti kimoja, na begi limekaa juu yake kama mgeni. Nurdini kalala chali, miguu kaiinua ukutani, ana chungwa kifuani, analimenya taratibu, ganda refu halikatiki. Redioni watu wanaongea mambo ya mpira. Mmoja akasema kitu, Nurdini akacheka.

Sijamsikia akicheka hivyo. Niwe mkweli, si mwaka huu, si mwaka jana. Kicheko cha kule Kondoa, cha kijana aliyekuwa anapita mbele ya nyumba yetu na baiskeli isiyo na breki. Nilidhani kimekwisha, watu wanazeeka. Kumbe anacho! Anakiweka Chadulu, kwenye kufuli.

Nikarudi kwenye bajaji nikakaa. Nilitegemea kulia, sikulia. Nimekasirika kuliko kama ningemkuta na mwanamke. Mwanamke ningejua la kumfanya. Ningemsema, ningemvua wigi, ningemwita Mzee Mbwana, tungeandikiana karatasi nyingine, siku tisa tisa. Chumba utakipeleka kwa imamu gani? Ukakiambie nini, kwamba kinapendwa kuliko mimi?

Na siku hii nimempa mimi mwenyewe. Isidaiwe, isilipwe, asiulizwe. Basi lilikuwa linaila, sasa ndege imemwachia, na yeye kaichukua kama alivyoandikiwa. Hajaiba kitu. Ndiyo inayouma.

Saa sita Sabrina akapiga. Nikaiacha ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Nikapokea.

"Dada, umemwona? Ni nani?"

Sasa hapo. Nilikuwa nimeahidi. Neno lilikuwa mdomoni: hakuna mwanamke, ni chumba, yuko peke yake, anakula machungwa. Nikaona itakavyokuwa. Sabrina atapiga hesabu, ana kichwa cha hesabu yule. Atasema kama siku ipo na mwenyewe hana kazi nayo, tugawane: asubuhi yako, alasiri yangu. Nami nitabisha, nitataka zaidi, kwa kuwa ni wa kwanza. Tutaikata ile siku kama nyama ya buchani mpaka ibaki mifupa, na Nurdini atakaa katikati anatutazama, hana pa kuinulia miguu.

Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma. Labda kidogo. Lakini daftari hili ni langu na sitajidanganya humu. Sabrina ana vyombo. Anaoshewa vyombo. Sasa na mimi nina kitu. Mwamba ngoma huvutia kwake.

"Sijamwona," nikamwambia. "Ndege imechelewa."

Nikasikia kuku wake.

"Lakini mimi niliiona ikiruka, dada."

"Wanasema imepitia kwingine kwanza. Hawa watu wa ndege si wa kuaminika."

Maneno yake mwenyewe Nurdini, yametoka kinywani mwangu bila hata kukwama!

Hamza karudi na chai mbili. Anafuta kioo ambacho kimeshatakata. Kule mwisho wa uchochoro shati linapepea kwenye kamba, limekauka tayari. Naweza kwenda kugonga. Hatua arobaini, nimeshazihesabu. Naweza pia kurudi nyumbani, nibandike maharage, nimsubiri aje anidanganye, nimpe pole.

Simu inaita tena. Sabrina. Anataka kujua tu, ndege itafika saa ngapi.

Nimemwambia magharibi.